Wadudu Wameisha, Kifua Hakijarudi

Kaka mmoja, jirani yetu wa Usa River, alimaliza dozi ya TB mwaka juzi. Miezi 6 kamili, hakuruka hata siku moja. Mkewe ndiye aliyekuwa msimamizi wa dawa, na ukimjua mama yule utaelewa kwa nini hakuna kidonge kilichopotea njiani. Makohozi ya mwisho yalipopimwa hayakuonyesha kitu. Kwenye kadi yake ya matibabu likaandikwa neno moja kwa kalamu ya bluu: amepona. Kadi hiyo ameitia kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka pamoja na cheti chake cha ndoa.

Kutoka barabara ya lami hadi mlangoni kwake kuna kimlima kisichozidi mita 200. Anapumzika mara 3. Mara ya kwanza hujifanya anafunga kamba ya kiatu. Mara ya pili husimama kumsalimia mtu, hata kama mtu mwenyewe yuko ng'ambo ya korongo. Mara ya tatu hajifanyi tena; hushika ua wa jirani, hunyanyua mabega na kuhema. Nilipomuuliza kulikoni, na kadi inasema amepona, alinijibu: "Wadudu wameisha, mdogo wangu. Kifua ndicho hakijarudi."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Tangu Robert Koch aliposimama mbele ya wenzake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 na kuwaonyesha kijidudu cha kifua kikuu, hesabu yetu imekuwa ya wadudu. Wapo? Hawapo? Wamebaki wangapi? Tuna darubini, tuna mashine za GeneXpert zinazotoa jibu ndani ya saa 2, tuna hata panya buku wa Morogoro wanaonusa makohozi na kumgundua mgonjwa aliyepita mbele ya darubini bila kuonekana. Nawasifu wote, panya wakiwemo. Ila hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kinachojibu swali la kaka yetu: kifua kimekwenda wapi?

Mimi nasema kimekwenda na seli zake mwenyewe, kwa jinsi zilivyokufa. Bakteria wa TB hamwagi mwilini sumu kama ile ya pepopunda au kipindupindu. Anakaa, anazaana polepole, mara moja kwa siku hivi, na anasubiri. Shimo linaloonekana kwenye picha ya kifua limechimbwa na mwili wa mgonjwa, na jembe lililotumika ni kifo cha seli. Ukilielewa hilo, mambo mengi tunayoyasema kuhusu "kinga" yanageuka, na hata namna tunavyoamua nani amepona inaanza kutia shaka.

Seli kufa si msiba. Mtu mzima huzika mabilioni ya seli kila siku na hakuna anayesikia kilio. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikieleza kifo hicho cha kimya wakakiita apoptosisi, neno la Kigiriki la majani yanayodondoka mtini. Baadaye, kwenye kijinyoo kidogo cha udongoni kiitwacho C. elegans, ilionekana kwamba kati ya seli 1,090 zinazoujenga mwili wake, 131 hufa kwa ratiba, zilezile, kila kijinyoo kinapokua. Kazi hiyo iliwapatia Sydney Brenner, Robert Horvitz na John Sulston Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002. Seli inayokufa hivi inaaga kwa adabu. Hujikunja, hukatakata DNA yake, hujigawa katika vifurushi vilivyofungwa vizuri, na nje ya utando wake hubandika alama ya kuwaita majirani waje kuchukua. Makrofaji, wale walaji wakubwa wa mwili, huja na kuvimeza vifurushi. Mchochota, yaani kule kuvimba, wekundu, joto na maumivu, hauanzi kabisa.

Kifo cha pili ni kama papai lililoiva kupita kiasi likaanguka kutoka juu. Ganda linapasuka, nyama inatapakaa, na kabla hujaleta fagio nzi wamekwisha kufika. Hiyo ni nekrosisi. Utando wa seli unapasuka, na vitu ambavyo havikupaswa kuonekana nje, kama DNA, ATP na protini za ndani ya kiini, vinamwagika. Mwili huvisoma kama king'ora. Nzi wa mfano huu ni nyutrofili, seli nyeupe zinazokimbilia eneo la tukio zikiwa zimebeba vimeng'enya vya kuyeyusha kila kitu. Nazo hazikai, zinafanya fujo kwa saa au siku chache kisha zinakufa hapohapo, mara nyingi vibaya, na kuongeza king'ora kingine. Ukikamua jipu, ile rangi ya njano unayoiona kwenye pamba ni maiti za nyutrofili kwa wingi wake. Usaha ni ushahidi wa vita, na sehemu kubwa ya maiti ni za upande wetu.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini nekrosisi ni ajali tu. Kumbe seli inaweza kupasuka kwa makusudi. Ipo piroptosisi, iliyopewa jina mwaka 2001, ambamo protini iitwayo gasdemini D (hii ilibainika mwaka 2015) hutoboa utando wa seli kutoka ndani. Ipo nekroptosisi, ya mwaka 2005. Ipo feroptosisi, ya mwaka 2012, ambamo madini ya chuma husababisha mafuta ya utando kuungua kwa oksijeni kama mafuta ya kupikia yanavyochacha. Majina yataendelea kuongezeka, wataalamu wanapenda kubatiza. Kwa makala hii inatosha kujua kwamba kupasuka nako kuna swichi zake, na chenye swichi huenda kikazimika.

Sasa turudi kifuani.

Mtu amekohoa ndani ya daladala lililofungwa vioo kwa sababu ya mvua. Wewe umevuta hewa. Bakteria mmoja au wawili wamefika chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa, na wamemezwa na makrofaji iliyokuwa doria. Kwa kawaida kumezwa ndiyo mwisho wa habari. Lakini bakteria huyu ana vifaa. Ana mtambo uitwao ESX-1 unaotoboa kile kifuko alichofungiwa ndani ya seli. Akishatoboa, hupenyeza kimeng'enya, TNT, ambacho hutafuna NAD, kitu ambacho bila hicho seli haiwezi kuzalisha nguvu. Seli inafilisika, kisha inapasuka.

Hapo ndipo aina ya kifo inapoamua kesi. Makrofaji ikifa kwa apoptosisi, bakteria anabaki ndani ya kifurushi. Makrofaji nyingine inakuja, inameza kifurushi pamoja na mfungwa wake, na mara nyingi mfungwa haponi. Makrofaji ikipasuka, bakteria anatoka huru, tena anakuta nje kumejaa chakula. Ndiyo maana aina kali za bakteria huyu hujitahidi kuzuia apoptosisi na kusukuma seli kwenye nekrosisi. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba sehemu ya kupasuka huko ni feroptosisi, na panya wa maabara waliopewa kemikali ya kuizuia walipungukiwa na nekrosisi mapafuni, na bakteria pia wakapungua. Kumbuka hapo: kemikali ile haikutengenezwa kuua bakteria. Ilitengenezwa kuzuia seli isipasuke.

Seli zikikusanyika kumzingira bakteria hutengeneza kinundu. Kwa watu wengi habari huishia hapo. Inakadiriwa robo ya watu duniani wameambukizwa, na kati yao 5 hadi 10 tu katika kila 100 ndio watakaougua maishani. Kwa hao wachache, katikati ya kinundu seli huanza kupasuka moja baada ya nyingine mpaka panakuwa na kitu cheupe, kizito, kama jibini laini. Wataalamu wa patholojia walikiita hivyohivyo, jibini, kwa sababu ndivyo kinavyoonekana kisu kinapopita. Kisha jibini linayeyuka. Vimeng'enya vya kukata kolajeni, ile kamba inayoshikilia pafu lisiporomoke, vinamwagwa na seli zetu wenyewe. Ukuta wa mrija wa hewa unalika, na siku moja yale yaliyoyeyuka yanapata njia ya kutokea kooni. Panabaki pango. Vitabu vya zamani vya fani hii vinakadiria pango la sentimita 2 kuwa na bakteria milioni 100, ilhali kinundu cha ukubwa uleule kilichofungika huwa na mamia tu. Mgonjwa anakohoa, na daladala jingine linapata mgao wake.

Ukiliangalia kwa jicho la bakteria, mpango mzima unaeleweka. Yeye hahitaji kumuua mtu. Anahitaji pango lenye mlango.

Hapa ndipo ninapogombana na watu wa spika. Kwenye kila stendi ya mabasi kuna kijana mwenye kipaza sauti na chupa ya "dawa ya kupandisha kinga". Kinga imeshuka, anasema, ndiyo maana unaumwa, ipandishe. Si yeye tu. Nimewasikia na wasomi wakiongea hivyohivyo, kana kwamba kinga ni maji ya tangi, yakipungua unajaza. TB inaikataa hesabu hiyo waziwazi. Madaktari wa Afrika waliokuwa wodini miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipoingia kwa kishindo, waliliona jambo la ajabu: mgonjwa wa TB ambaye kinga yake imekwisha kabisa mara nyingi hakuwa na pango. Picha ya kifua ilikuwa karibu safi, makohozi hayana kitu, na mtu anakufa kwa TB iliyosambaa mwili mzima. Mwenye kinga iliyosimama ndiye aliyekuwa na mashimo. Mashimo yanataka wachimbaji, na wachimbaji ni kinga.

Tena wauguzi wetu wanalijua jambo lingine, hata kama hawaliiti kwa jina la kitabuni. Mgonjwa mwenye VVU na TB anaanza ARV, wiki 2 au 3 baadaye homa inapanda upya, matezi yanavimba, kifua kinazidi. Mtaani watu husema dawa ndizo zimemzidishia. Ukweli ni kwamba dawa zimefanya kazi: kinga imerudi, imekuta mabaki ya bakteria kila kona, imeanza kupigana bila mpangilio. Cape Town, kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 240 wa TB na VVU waliokuwa wanaanza ARV waligawanywa. Nusu walipewa predinisoni kwa wiki 4 tangu waanze ARV, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopatwa na hali hiyo walikuwa asilimia 32.5 kwa upande wa dawa, dhidi ya 46.7. Yaani dawa ya kutuliza kinga, si ya kuipandisha, ndiyo iliyowasaidia.

Kabla kijana wa spika hajabadilisha lebo ya chupa na kuuza "dawa ya kushusha kinga", nimkumbushe upande wa pili. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kudungwa infliximabu, dawa ya baridi yabisi na magonjwa ya utumbo inayofunga TNF, mojawapo ya ishara kuu za mchochota. Ukiondoa TNF, vinundu vinaachia na bakteria waliolala miaka 20 wanaamka. Mtafiti Lalita Ramakrishnan na wenzake, wakitumia samaki wadogo wa maabara ambao miili yao inapenyeza mwanga, walionyesha kitu kinachonifurahisha kila nikikifikiria: TNF ikiwa kidogo, makrofaji inazidiwa na bakteria na inapasuka, TNF ikizidi, makrofaji inajiunguza yenyewe kutoka ndani na inapasuka vilevile. Barabara mbili, kituo kimoja. Mpishi wa wali angewaambia bila samaki: moto mdogo unabaki mbichi, moto mkali unaungua, na vyote viwili haviliki.

Kuna mtu atasema hizi ni habari za TB tu. Basi aende Mererani. Kaka yetu, kabla ya kuugua, alikuwa mwanaapolo kwa miaka 9, akichoronga mwamba chini ya ardhi kutafuta tanzanaiti. Vumbi la mwamba wenye silika lina punje ndogo kiasi cha kufika kwenye vifuko vya hewa, kulekule anakofika bakteria. Makrofaji inaimeza. Jiwe halimeng'enyeki, kingo zake zinapasua kifuko cha ndani ya seli, mtambo wa hatari uitwao NLRP3 unawaka (mwaka 2008 maabara kadhaa zilionyesha hivyo karibu kwa wakati mmoja), seli inatoa ishara kali za mchochota na kupasuka. Punje inatoka ikiwa nzima. Makrofaji ya pili inakuja kusafisha, inameza, inapasuka. Ya tatu vilevile. Hakuna mdudu hata mmoja hapo, hakuna cha kupima kwenye makohozi, na bado pafu linajaa makovu kwa miaka hata baada ya mtu kuacha shimo. Jiwe halifi, ndiyo taabu yake. Na makrofaji zilizokwisha kuchoshwa na mawe ndizo TB inazozikuta mlangoni. Ndiyo maana silikosisi na kifua kikuu hutembea pamoja popote panapochimbwa mwamba, kuanzia migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, ambako babu zetu wengi walikwenda kwa mkataba, mpaka Simanjiro. Kibong'oto, hospitali iliyojengwa Siha mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, haiko mbali na mashimo hayo, na sidhani kama mtu aliyefanya kazi huko anahitaji makala hii kumwambia.

Je, kuna tiba ya kuzuia seli zisife vibaya? Nusu nusu, na hapa lazima niwe mkweli kuliko ninavyopenda. Kwa TB ya utando wa ubongo na uti wa mgongo jibu lilipatikana Vietnam mwaka 2004: kati ya wagonjwa 545, waliopewa deksamethasoni pamoja na dawa za TB walikufa asilimia 31.8, wasiopewa 41.3. Bakteria walewale, dawa zilezile za kuua bakteria. Tofauti ni kutuliza mchochota ndani ya fuvu lisilo na nafasi ya kuvimba. Nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani kesi imekwisha. Lakini mwaka 2023 jaribio jingine, la Vietnam na Indonesia, lilichukua watu wazima 520 wenye VVU na ugonjwa huohuo. Safari hii deksamethasoni haikuonyesha faida ya uhakika. Ugonjwa mmoja, kinga mbili tofauti, jibu si moja. Anayetaka dawa moja ya kutuliza kila kifua atasubiri sana.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni dogo na halikutangazwa redioni. Lilifanyika Afrika Kusini, likachapishwa mwaka 2021. Wagonjwa 200 hivi wa TB ya mapafu iliyokwisha kuwaharibu walipewa dawa za TB. Baadhi yao wakaongezewa moja kati ya dawa 4 ambazo lengo lake ni mwili, si bakteria. Dawa 2 kati ya hizo, everolimasi na nyingine iliyokuwa bado inaitwa kwa namba, ziliwasaidia wagonjwa kurudisha pumzi zaidi ya wenzao. Pumzi ilipimwa kwa kipimo cha hewa anayoweza mtu kuitoa kwa sekunde 1. Sasa shika hili: hakuna hata moja kati ya dawa hizo iliyoharakisha makohozi kuwa safi. Kama watafiti wale wangepima kwa kipimo tunachopimia sisi kila siku, makohozi peke yake, wangeandika kwamba dawa hazikufanya chochote na kufunga faili.

Singapore nao, mwaka uleule, waliwapa wagonjwa wao doksisaiklini kwa siku 14 juu ya dawa za TB. Doksisaiklini ni dawa ya bei ya chini, ipo kila duka la dawa baridi, lakini hapa haikutakiwa kama antibiotiki. Inazuia vile vimeng'enya vinavyokata kolajeni. Vimeng'enya vilipungua, na mapango yakasinyaa. Wagonjwa walikuwa 30 tu, kwa hiyo tafadhali asinyanyuke mtu kwenda kununua. Ninachosema ni kwamba mlango upo, na majaribio makubwa ya kuusukuma yanapaswa kufanyika huku kwetu, kwa sababu mapafu yenyewe yako huku. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwemo kwenye orodha ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Mwaka 2023 pekee watu milioni 10.8 duniani waliugua, milioni 1.25 wakafa. Wengi zaidi ya waliokufa walipona. Hao waliopona ndio makala hii.

Blantyre, Malawi, watafiti waliwafuata watu wazima 405 waliomaliza matibabu. Siku wanayofunga dozi, zaidi ya nusu bado walikuwa na dalili za kifua, theluthi moja vipimo vyao vya pumzi havikuwa sawa, na picha za CT zilionyesha njia za hewa zilizotanuka na kuharibika kwa zaidi ya 40 katika kila 100. Hawa wote makadirio ya kitaifa yanawahesabu kama ushindi. Gulu, kaskazini mwa Uganda, kundi jingine la watu waliowahi kutibiwa TB lilichunguzwa, na takriban 5 katika kila 100 walikutwa na fangasi aitwaye aspagilasi ameweka makazi mapafuni, mara nyingi ndani ya pango lilelile lililoachwa. Fangasi huyu humfanya mtu akohoe, akonde, ateme damu. Akifika kituo cha afya anaonekanaje? Kama mwenye TB. Anaanzishwa tena dozi ya TB, ambayo haimgusi fangasi hata kidogo, na asipopata nafuu watu wanaanza kunong'ona kuhusu dawa alizoruka.

Sitaki kumlaumu anayeandika "amepona". Anafuata ufafanuzi uliotumika duniani kwa miaka mingi: aliyekuwa na bakteria mwanzoni, sasa mwezi wa mwisho hana, na mara moja kabla ya hapo hakuwa nao, huyo amepona. Ni ufafanuzi mzuri kwa kulinda abiria wa daladala. Kwa mtu aliyebeba pafu lenyewe ni nusu ya sentensi. Wataalamu wa mapafu wenyewe wamekwisha kuligundua. Mwaka 2019 walikutana Stellenbosch kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa juu ya maisha baada ya TB, miaka 137 baada ya Koch. Tumechelewa, lakini si kwa sababu ya fedha tu. Tulichelewa kwa sababu tulidhani adui akishatoka nyumbani, nyumba inajijenga yenyewe.

Na kipimo cha kuanzia hakihitaji wafadhili. Spirometa, mashine ya kupima pumzi, ikikosekana, kuna kipimo cha kutembea dakika 6: korido, saa, na muuguzi mwenye daftari. Mtu anatembea kwa kasi anayoiweza, unaandika mita. Mtu mzima mwenye afya hupita mita 400 bila taabu. Ukiandika namba hiyo mwezi wa kwanza, wa pili na wa sita, utaona nani wadudu wameisha na kifua kimerudi, na nani wadudu wameisha tu. Huyo wa pili utampa mazoezi ya kupumua, utampiga picha ya kifua iwe kumbukumbu, utamwambia aache sigara na vumbi, na akirudi anakohoa damu hutakimbilia dozi ile ile kabla ya kufikiria fangasi.

Jumamosi iliyopita nilimwomba kaka tufanye hivyo barabarani, kwenye tambarare, kwa saa ya simu yangu. Si kipimo cha kitabibu, na bodaboda walitukatiza mara 2. Tulihesabu kwa nguzo za umeme, kisha nikarudi kupima kati ya nguzo na nguzo kwa futi ya fundi. Dakika 6 zilipoisha tulikuwa tumefika kwa muuza mahindi ya kuchoma, mita 210 hivi, naye amesimama mara 2, safari hii bila kamba ya kiatu. Alinunua mahindi, akanikatia nusu. Kisha akatoa ile kadi kwenye mfuko wa nailoni akaniuliza namba hiyo inaandikwa wapi. Niliigeuza mbele na nyuma. Kulikuwa na nafasi ya uzito, nafasi ya makohozi mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, nafasi ya sahihi. Tukaiandika pembeni, chini ya lile neno la kalamu ya bluu.